Nauza bunduki na bastola yangu hapa Texas: nikutane na mnunuzi wapi, na kwa utaratibu gani?

Kibo_FortWorth

Salaam wakuu. Niko Fort Worth, nina grini kadi, na silaha zote mbili nilinunua dukani kwa jina langu. Ninazouza ni bunduki ya kuwindia, Ruger American ya .308 yenye darubini, na bastola Glock 19 yenye magazini tatu. Maduka yananipa bei ya kutupa, kwa hiyo nataka kuuza mwenyewe. Wamejitokeza wawili: Mkongomani wa Arlington, na Mkenya anayeishi Oklahoma ambaye yuko tayari kuendesha gari aje azichukue zote mbili.

Najua Texas hailazimishi ukaguzi wa rekodi kwa mauzo ya mtu na mtu. Lakini sitaki kusimama gizani kwenye maegesho na mtu nisiyemjua, mimi nina bastola na yeye ana pesa, au hana. Mnakutania wapi? Karatasi gani nidai? Na silaha inabebwaje mpaka inafika mkononi mwa mnunuzi?

MzeeWaFomu

Kaka, tuanze na huyo wa Oklahoma, maana hapo ndipo watu wema wanapojiingiza kwenye kesi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha kumuuzia moja kwa moja mkazi wa jimbo jingine. Haijalishi mmekutana upande gani wa mto Red ulio mpakani, na haijalishi ni ndugu yako wa damu. Lazima ipite kwenye duka lenye leseni ya shirikisho. Bunduki ndefu anaweza kukabidhiwa kwenye duka la hapa Texas, mradi ni halali katika majimbo yote mawili. Bastola hapana: Glock itatumwa na duka la hapa kwenda duka la Oklahoma, na fomu ataijaza huko. Kwa hiyo "aje azichukue zote mbili" haipo. Mwambie mapema asipoteze mafuta.

Huyo wa Arlington ni mkazi wa jimbo lako, unaweza kumuuzia mwenyewe. Ila sheria inakushika ukimuuzia mtu unayejua, au una sababu ya msingi ya kuamini, kwamba amekatazwa kumiliki silaha. Waliokatazwa ni wengi kuliko watu wanavyodhani: aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inazidi mwaka mmoja jela, aliyehukumiwa kwa ukatili wa nyumbani hata kama kosa lilikuwa dogo, aliye chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenza, mtumiaji wa dawa za kulevya (bangi imo, hata kwenye majimbo yanayoiruhusu), na asiye na kibali halali cha kuwepo nchini. Sasa sikiliza hili, linawagusa watu wetu hasa: wenye visa za muda, wanafunzi wa F-1 na wafanyakazi wa H-1B wakiwemo, nao wamekatazwa, isipokuwa wachache wanaoingia kwenye misamaha kama kuwa na leseni ya uwindaji iliyo hai. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ana kazi nzuri na anaimba kwaya, na bado kumuuzia ni kosa.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kukutania ndani ya duka la silaha hata pale sheria haikulazimishi. Piga simu uulize kama wanafanya uhamisho kati ya watu binafsi na wanatoza kiasi gani; mara nyingi ni kati ya dola 20 na 50. Usiende Jumamosi mchana, foleni yake ni ndefu. Kila mtu aje na gari lake. Ingia na silaha ikiwa tupu ndani ya kasha lililofungwa, na umwambie muuzaji wa kaunta ulichobeba kabla hujagusa zipu. Mnunuzi anajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya ununuzi wa silaha, duka linauliza mfumo wa FBI wa kukagua rekodi, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu Novemba 1998, na jibu ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au amekataliwa.

Usiondoke dukani kabla ya jibu. Mnunuzi akikataliwa na wewe ungali pale, hujawaachia silaha, unaondoka nayo. Ukiwa umeshawaachia, itakuwa imeandikwa kwenye daftari lao, na kuichukua itabidi na wewe ukaguliwe kama mnunuzi. Pesa zihesabiwe baada ya neno "endelea".

Nyanda_Denton

Mzee yuko sahihi kwa wa Oklahoma. Kwa wa Arlington naona anaongeza gharama bila sababu. Texas ina leseni ya kubeba bastola inayotolewa na idara ya usalama wa umma ya jimbo, na mtu haipati bila kupekuliwa rekodi. Mwenye leseni hiyo, pamoja na leseni ya udereva ya Texas, na hati ya mauziano iliyosainiwa na pande zote mbili, inatosha. Watu wengi hapa hawauzi kwa asiye nayo, na wanaandika hivyo kwenye tangazo. Tangazo la namna hiyo peke yake linafukuza nusu ya wababaishaji.

Hati yenyewe iwe na: tarehe, majina kamili na anwani, namba ya leseni ya udereva, aina na modeli ya silaha, ukubwa wa risasi, namba ya silaha herufi kwa herufi kama ilivyochongwa kwenye chuma, bei, na sentensi ya mnunuzi kutamka kwamba ni mkazi wa Texas na hajakatazwa kumiliki silaha. Nakala mbili. Andika namba ukiwa nyumbani, kwenye mwanga, kwa sababu herufi O na sifuri zinachanganya, na namba iliyokosewa haikusaidii kitu.

MzeeWaFomu

Nyanda, kisheria uko sawa na sipingi. Naongeza mambo mawili tu. Kadi inathibitisha kwamba siku ilipotolewa mtu alikuwa safi. Akipata kesi mwezi uliopita na leseni ikafutwa, plastiki iliyo mfukoni haibadiliki rangi. Pili, leseni hiyo hutolewa hata kwa wasio wakazi wa Texas, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi wa makazi. Leseni ya udereva lazima uione, na sura ifanane.

Kuhusu hati, wapo wanaoikataa kwa kuogopa kuacha taarifa zao kwa mtu. Nawaelewa, lakini muuzaji aelewe silaha inavyofuatiliwa ikiokotwa kwenye tukio. Kituo cha ufuatiliaji cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kilichoko Martinsburg, West Virginia, kinaanza kwa mtengenezaji, kinakwenda kwa msambazaji, kisha dukani, kisha kwenye fomu ya mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa kwanza ni wewe Kibo. Hapo njia inakatika, na simu inalia kwako. Aliyepitisha mauzo dukani atawaelekeza kwenye fomu ya duka. Mwenye hati atatoa hati. Asiye na chochote atabaki na maneno yake.

DadaHouston

Sheria mmeimaliza, ngoja niseme kuhusu mkutano wenyewe, maana hata mnunuzi mwenye karatasi zote anaweza kukupokonya.

Kabla ya kupanga siku, ongea naye kwa sauti. Siyo ujumbe tu. Mtu anayekataa kupiga simu, anayebadilisha mahali dakika za mwisho, anayeleta "rafiki" ambaye hakutajwa, au anayeuliza una silaha ngapi nyingine nyumbani, mwache. Anayesema "ni ya shemeji yangu, mimi nachukua tu" usimuuzie kabisa. Kumnunulia kwa jina lako mtu aliyekatazwa ni kosa la shirikisho lenye jina lake tangu 2022, kifungo mpaka miaka 15, na wewe hutaki kuwa shahidi. Picha za tangazo zipige kwenye ukuta mtupu, uondoe taarifa za mahali zinazobaki ndani ya faili, na ufunike tarakimu za mwisho za namba ya silaha.

Kama hamtumii duka la silaha, mahali pa pili kwa ubora ni benki yako, saa za kazi, lakini silaha ibaki kwenye gari mpaka pesa zimethibitishwa. Vituo vingi vya polisi vina sehemu zenye kamera kwa ajili ya mauziano ya mtandaoni, ila vingine havitaki silaha pale, kwa hiyo piga simu namba isiyo ya dharura uulize, na ueleze utavaa nini na gari gani. Epuka eneo lolote lililo ndani ya futi 1,000 kutoka shule. Sheria ya shirikisho ina masharti yake huko, na kuruhusiwa na Texas kubeba bila leseni hakukuokoi. Epuka pia maegesho ya posta. Nyumbani kwako usimlete. Akishajua unapoishi na kabati la silaha lilipo, umemuuzia zaidi ya Glock.

Silaha yenyewe iandaliwe hivi. Bastola: toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, tazama chemba, mahali risasi inapokaa, kwa jicho na ipapase kwa kidole, kisha pitisha kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kupitia tundu la kutokea maganda mpaka itokee kwenye tundu la magazini. Yeyote anayeitazama anaona haiwezi kufyatuka. Bunduki yako ya .308 ni rahisi zaidi: toa bolti nzima (chuma kinachosukuma risasi na kufunga chemba), iweke mfukoni au kwenye gari la mwenzako. Bila bolti hiyo ni bomba na kitako tu, na mnunuzi anaweza kutazama ndani ya mtutu kwa tochi kuona mistari yake bila mtu yeyote kuhatarika. Bolti anakabidhiwa mwisho, baada ya pesa na saini.

Risasi usije nazo. Na usiuze risasi siku hiyo hiyo hata akikuomba, maana mtu aliyeshika bastola yako kwa mkono mmoja na boksi la risasi kwa mkono wa pili ana kila kitu anachohitaji. Akitaka kujaribu kifyatulio, kata kamba wewe mwenyewe, kagua chemba tena mbele yake, mtutu uelekee chini penye udongo, kisha mpe. Magazini zibaki kwako.

Uwe na mtu wa pili, akae pembeni kwenye gari lake akiwa anaona. Muda uwe mchana. Ukimaliza usiende nyumbani moja kwa moja. Zunguka, ingia dukani, tazama kioo cha gari kama unafuatwa.

Kibo_FortWorth

Asanteni sana wakuu. Wa Oklahoma nimeshamweleza, tutapitia maduka. Huyu wa Arlington amenitumia picha ya leseni ya udereva ya Texas, imeandikwa "Limited Term". Hana leseni ya kubeba. Anataka kulipa kwa Cash App, ile programu ya kutuma pesa kwa simu, au anipe hundi ya benki. Na je, jibu la dukani likiwa "subiri", inakuwaje?

MzeeWaFomu

Maandishi hayo maana yake kibali chake cha kuwepo nchini kina tarehe ya mwisho. Wapo wenye leseni hiyo ambao hawahesabiwi kuwa wenye visa za muda. Wapo pia wanafunzi na wafanyakazi wa visa. Wewe huna njia ya kuwatofautisha kwa kutazama kadi, na ukishaiona huwezi kusema hukuwa na sababu ya kujiuliza. Kwa huyu, dukani tu. Fomu itamuuliza hali yake ya uhamiaji na namba yake, aje na nyaraka zake zote. Anwani iliyo kwenye leseni iwe ile anayoishi sasa, la sivyo alete karatasi nyingine ya serikali yenye anwani mpya.

Likija "subiri", siku tatu za kazi zikipita bila jibu sheria inaliruhusu duka kukabidhi, lakini maduka mengi yana utaratibu wao wa kungoja zaidi. Kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21 inaweza kufika siku 10 za kazi, tangu sheria ya 2022. Hapo unaamua: uiache dukani ukiwa na risiti yao, au uichukue urudi siku jibu likitoka. Mimi ningeichukua. Malipo ya awali usipokee.

DadaHouston

Cash App hapana, masharti yao hayaruhusu mauzo ya silaha, na malipo yaliyotoka kwenye akaunti iliyoibiwa hurudishwa wakati bunduki imeshaondoka. Hundi ya benki ikubali tu kama mmesimama kwenye tawi la benki iliyoitoa, na karani ameithibitisha mbele yako. Usipige namba ya simu iliyoandikwa kwenye hundi, mwenye hundi bandia huweka namba yake.

Pesa taslimu ni bora. Noti za dola 100 za toleo jipya, lililoanza kutoka Oktoba 2013, zina utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi, haukuchapwa juu. Iinamishe noti: kengele zilizo kwenye utepe zinageuka kuwa 100, na kengele iliyo ndani ya kidau cha wino inabadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Kalamu ya kupima noti usiitegemee peke yake, kwa sababu inapima karatasi tu, na kuna noti za dola 5 zinazofutwa wino na kuchapwa upya kuwa 100. Hizo kalamu inazipitisha. Ishike noti kwenye mwanga: ukiona sura ya Franklin upande wa kulia, hiyo ni 100 halisi. Ukiona tarakimu 5 ndani ya karatasi, funga kasha lako uondoke.