"Chumba cha mtumwa" kwenye nyumba za wageni Mji Mkongwe: hadithi hizi za mizimu zikatazwe?

Bint Vuga
Assalaam alaykum. Naomba tulizungumze hili kwa uzito wake. Mtaani kwetu kuna nyumba kongwe ya ghorofa tatu, mlango wa njumu, kisima ndani, siku hizi inalaza watalii. Mwenyewe katundika kibao kwenye chumba cha chini, eti humo walifungwa watumwa na usiku husikika minyororo ikiburutwa. Chumba hakina dirisha, joto, harufu ya popo, na ndicho kinachokodishwa ghali kuliko vyote! Sie tuliokulia hapo tunajua kilikuwa ghala. Marehemu bibi yangu akinituma humo kununua mkaa.

Swali langu: Mamlaka ya Mji Mkongwe, inayokuja juu mtu akibadilisha dirisha tu, haiwezi kumkataza kutangaza uongo juu ya nyumba hiyo hiyo? Na unakotoka uongo huu napajua. Ni mapapasi wa bandarini. Mtu hajui hata Sultani Barghash ni nani, anamtungia mgeni mzimu apate kamisheni.

Kijana wa Malindi
Waalaykum salaam dada. Hapo mwisho umetutukana. Mie natembeza wageni, nina kitambulisho, nimekaa darasani, leseni nalipia. Ukisema papasi unamsema yule anayemvizia mgeni akishuka boti, akamnyang'anya begi akidai anamsaidia. Sie si hao. Na hadithi ya chumba hatukuitunga sie. Wenye majumba ndio wanaotwambia, "Mkifika hapa semeni hivi." Ukikataa, kesho hupati mgeni wao. Kawaulize hao.

Yakhe wa Mvita
Mimi naona mnajisumbua. Mgeni kalipa mwenyewe aogope usiku mmoja, asubuhi anakunywa chai yake na kwenda zake. Nani kaumia? Waacheni watu wapate riziki.

Wa Kariakoo
Kuna neno moja limenikera. "Kilikuwa ghala." Ghala la nini, karafuu? Na karafuu hizo zilichumwa na nani? Kila ikitajwa habari ya utumwa Unguja hatokosa mtu wa Vuga au Shangani kusema hapa palikuwa ghala, pale palikuwa sebule. Sasa hao maelfu walilala wapi? Mzimu mnaukataa kwa sababu unawataja babu zenu.

Bint Vuga
@Wa Kariakoo usinilishe maneno. Nani kasema watumwa hawakuwepo? Soko lilikuwa Mkunazini, kila mtoto wa mjini analijua hilo. Nimesema chumba KILE, chenye kibao KILE. Na babu zangu umewajulia wapi? Babu yangu alikuwa akishona kofia barazani, na nyumba yenyewe ya kupanga. Ukoo wangu uache.

Wa Kariakoo
Sikumtaja babu yako kwa jina. Aliyeguswa ndiye anayepiga kelele.

Kijana wa Malindi
Na mie bado nasubiri dada anijibu lile neno la papasi.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, punguzeni ukali, tuzungumze tunachokijua.

Soko lilifungwa Juni 1873. Sayyid Barghash alitia saini kwa kubanwa na balozi wa Uingereza, John Kirk, kisiwa kikitishiwa kuzingirwa na manowari. Krismasi ya mwaka huo huo wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale penye soko, na Askofu Steere aliyelisimamia, aliyefariki 1882, kazikwa nyuma ya altare. Hayo hayana ubishi.

Wenye ubishi ni vile vyumba viwili vya chini pembeni ya kanisa, vile vya kuingia umeinama, ambamo wageni huambiwa watu waliswekwa kabla ya mnada. Jengo lililo juu yake ni la misheni, limejengwa baada ya soko kufungwa, na lilitumika kama hospitali. Ndiyo maana wako wanahistoria wanaovitilia shaka. Anayetaka kuona chumba cha watumwa chenyewe aende Mangapwani, kilometa kama 20 kaskazini ya mji. Kile kimechongwa ndani ya jiwe la matumbawe kwenye miaka ya 1880 hivi, wakati biashara imeshapigwa marufuku, watu wakifichwa humo hadi jahazi liwachukue kwa siri. Mlango ni ngazi nyembamba inayoteremka ardhini, na juu paa limelala karibu sawa na majani. Ukipita kwa mbali hujui kama pana kitu. Ndivyo palivyokusudiwa.

Kwa hiyo Bint Vuga ana haki ya kuuliza ushahidi, na bwana wa Kariakoo ana haki ya kuuliza karafuu zilichumwa na nani. Mmoja hamfuti mwenzake.

Kijana wa Malindi
Mwalimu, shikamoo, lakini maana yake sie tunaowateremsha wageni Mkunazini ni waongo? Nimeona watu wazima wakitoka mle machozi yanawatoka. Machozi hayo nayo ya uongo?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Machozi ni ya kweli, mwanangu. Nami nakuomba, ukishatoka nao mle wapeleke kwenye yale masanamu ya nje, yaliyotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hapo huna haja ya kuongeza neno.

Ustadh wa Ng'ambo
Mmeingia kwenye utumwa mkaliacha la msingi. Majini wapo, Qur'ani ina sura nzima kwa jina lao. Bint Vuga tahadhari usije ukakana ghaibu kwa ajili ya kibao cha mtu mmoja. Wazee wetu nyumba iliyokaa tupu walikuwa hawaingii hivi hivi. Ilisomwa, ubani ukafukizwa usiku wa Ijumaa, ikazindikwa. Leo mtu ananunua jengo lililofungwa miaka, anaweka kitanda na pombe, halafu anashangaa hapalaliki.

Bint Vuga
Shekhe, sijakana majini wala sitakana. Nyumbani kwetu ubani unafukizwa mpaka leo. Ninachokataa ni mtu kumvumbua marehemu asiyekuwepo na kumtoza mgeni dola kwa ajili yake.

Yakhe wa Mvita
Basi kama majini wapo, na kibao kibaki. Mbona mnajifunga wenyewe?

Mjukuu wa Mbweni
Nimewasoma tangu jana nikinyamaza, sasa nitasema.

Ukoo wetu umetoka Mbweni. Huko ndiko misheni ilikowaweka watu waliokamatwa na Waingereza ndani ya majahazi wakakombolewa. Mama wa nyanya yangu alikuwa mmoja wao, mtoto, wa upande wa Ziwa Nyasa, aliyepitishwa Kilwa kama wengi wa wenziwe. Hakuwahi kulijua jina alilopewa na mama yake. Jina tulilonalo ni la ubatizo. Sisi hapo ndipo ukoo unapoanzia, nyuma yake hakuna kitu.

Mnabishana kama vile wenyewe hatumo humu ndani. Wa Kariakoo anamtumia bibi yangu kumpigia Bint Vuga. Yakhe anauliza nani kaumia. Nimeumia mimi. Yule mwenye nyumba anamfanya mtu wangu kuwa sauti ya kumshtua mgeni kitandani, minyororo ikilia, halafu asubuhi watu wanacheka mezani. Hakuna anayemweleza mgeni kwamba soko lilifungwa 1873 lakini utumwa wenyewe Unguja haukuondolewa kisheria hadi 1897. Miaka 24 ya watu kuendelea kuwa mali ya watu, wakipalilia mashamba na kuchota maji kwenye majumba haya haya. Hiyo ndiyo habari ya nyumba zote za Mji Mkongwe, si ya chumba kimoja cha chini. Waliochota maji ya kisima kile mwenye nyumba anachowaonyesha wageni, hao watajwe. Hawahitaji kuambiwa mizimu ili waheshimiwe.

Wa Kariakoo
Dada wa Mbweni, maneno yako nimeyapokea kwa heshima. Ila hapo kwenye kisima unasema ninachosema mimi.

Bint Vuga
Hapana, anasema ninachosema mie.

Fundi Chokaa
Nyote hamjauliza ule mlio ni wa nini. Mimi kazi yangu ni nyumba hizi, kuanzia Kiponda hadi Kajificheni, na nataka kujua: umesikika wakati gani? Wa masika au wa kiangazi? Juu ya dari au ndani ya ukuta?

Nawaambia kwa nini. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Ncha ya boriti imezama ndani ya ukuta. Mlizamu, ule mfereji wa maji ya paa, ukiziba juu, maji yanashuka ndani ya ukuta, ncha inaoza pale ambapo jicho halifiki. Mvua ikikatika na ukuta ukianza kukauka, boriti inalia. Kisha changarawe na chokaa vinamwagika kidogo kidogo kati ya dari na ukuta, vinaburuzika, vinanyamaza, vinaburuzika tena. Ukilala kwenye giza utaapa ni mnyororo. Nimelala kwenye nyumba hizo nikisubiri mchanga wa asubuhi, nimeusikia.

Nyumba inayosema hivyo inaomba gogo la kuitegemeza, leo. Mwenyewe anapotundika kibao cha mzimu ananitisha mimi zaidi ya mgeni, kwa sababu keshapata faida kwenye ule mlio na hana tena haja ya kuita fundi. Beit al-Ajaib, lile jumba la forodhani la Sayyid Barghash, ya 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Niliwasikia watu forodhani wakisema ni damu ya watumwa waliozikwa chini ya nguzo imedai haki yake. Ukisema hivyo hutauliza maji yaliingilia wapi miaka yote ile.

Yakhe ameuliza nani ataumia. Ataumia anayelala chini ya dari hiyo.

Ustadh wa Ng'ambo
Fundi, kwa hiyo kila kitu ni boriti? Wazee wetu hawakuwa wajinga.

Fundi Chokaa
Shekhe, wazee hao hao unaowasema walipaka chokaa nyumba zao kila mwaka na kusafisha milizamu kabla ya masika. Wakisoma na wakitengeneza. Sie tumebakiza kusoma.

Kijana wa Malindi
Haya ya Fundi ndiyo nitakayowaambia wageni kuanzia kesho. Wallahi yanashinda mzimu. Mgeni akiniuliza mlio, namwonyesha ncha ya boriti.

Mwanamke wa Kiponda
Samahani kuingilia, Fundi. Nyumba yetu ni ya urithi, tuko ndugu wengi, hatuna watalii wala mizimu. Ukuta wa jikoni unatoka unga mweupe kama chumvi na lipu inabanduka. Kaka yangu kaja na saruji, anataka kuupiga wote wiki hii. Aendelee?

Fundi Chokaa
Mzuie, dada, asiguse! Huo unga ni chumvi kweli, inasukumwa nje na maji yaliyomo ukutani. Ukipiga saruji juu yake umeufunga ukuta mdomo, maji hayana pa kutokea, yatapanda ghorofa ya juu mpaka kwenye boriti. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: bomba la jikoni, karo, au mlizamu wa jirani. Kausheni hapo. Ile lipu iliyolegea iondoeni yote, ukuta uachwe uchi upumue kiangazi kizima ikibidi. Ndipo mpake chokaa iliyorojwa na kulala kwenye pipa muda wa kutosha, si ile ya mfuko ya kuchanganya asubuhi mkaipaka mchana.

Mwanamke wa Kiponda
Maji ya jirani yanamwagikia kwetu, tumegombana naye sana. Jirani mwenyewe ana nyumba ya wageni.

Bint Vuga
Kiponda sehemu gani? Nitumie ujumbe pembeni, tuandike barua pamoja kwa Mamlaka. Mie ya kwangu nimeshaianza.