Ramani ya udongo chini ya uoto: picha za mwanga, rada au sura ya nchi?

Mpima_Shinyanga: Ndugu wanajukwaa, ninaandaa ramani ya udongo ya eneo la Usukuma lenye mashamba ya pamba na mtama, mbuga za malisho na mabaki ya miombo. Kwa kuwa uoto huuficha udongo, naomba tulinganishe njia tatu: picha za mwanga za kiangazi za Sentinel-2 (setilaiti za Ulaya), rada, au miinuko pamoja na aina za mimea.

Bi_Udongo: Kwa mashamba, anza na Sentinel-2. Setilaiti mbili zikifanya kazi pamoja hurudi kila baada ya siku 5, hivyo karibu kila kipande cha shamba hunaswa kikiwa wazi siku fulani, baada ya mavuno au wakati wa kulima. Ukichukua picha za miaka kadhaa na kubakiza siku hizo tu, unapata taswira moja ya ardhi tupu. Hapo wekundu wa chuma hujitokeza, na madini ya mfinyanzi hufyonza miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 2.2, ambayo bendi ya 12 (mojawapo ya vipande vya mwanga ambavyo setilaiti hupima) huipima. Hadhari yangu ni kubwa: NDVI, kipimo cha uoto kinachotumika kuchagua siku hizo, hupima ukijani tu, kwa hiyo mabua makavu nayo huhesabiwa kuwa ardhi tupu. Linganisha bendi ya 11 na ya 12 ili uyatenge, na uondoe sehemu zilizochomwa moto, kwa sababu majivu huifanya ardhi ionekane nyeusi kama udongo wa mbuga.

Msomaji_wa_Rada: Rada inatarajiwa mambo isiyoyaweza. Wimbi la Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, la sentimita 5.6 hivi, hutawanywa na majani. Lile la ALOS-2, setilaiti ya rada ya Japani, la sentimita 24 hivi, hupenya zaidi, lakini hata likifika chini huleta habari za unyevu na mparuzo wa ardhi, si aina ya udongo. Itumie kwa mfuatano wa picha baada ya mvua, maana mfinyanzi hukawia kukauka kuliko kichanga.

Mstaafu_wa_Kilimo: Kwenye miombo, mimi nashika njia ya tatu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, akauita mfuatano huo katena. Wasukuma wana majina yao wenyewe ya ngazi hizo: luseni ya kichanga mteremkoni, itogolo yenye tabaka gumu chini yake, kisha mbuga nyeusi bondeni. Mimea nayo hushuhudia, kwani Acacia drepanolobium, aina ya mgunga, hupenda mfinyanzi mweusi. Ila miinuko ya SRTM, yaani vipimo vya chombo cha anga cha Marekani vya Februari 2000, ilipimwa kwa rada ambayo haikufika chini ya miti iliyosongamana, na kwa miteremko ya taratibu kama ya Usukuma, kosa la mita chache huweza kuhamisha mpaka wa udongo mbali sana.

Mpima_Shinyanga: Nashukuru, Mzee. Je, njia hizi zikikubaliana, naweza kupunguza mashimo ya uchunguzi?

Bi_Udongo: Punguza pale zinapokubaliana, uyaongeze pale zinapopingana. Usiyaache kabisa, kwa sababu mwanga husoma uso wa ardhi tu, na tabaka gumu la itogolo halionekani katika picha yoyote. Bila shimo, mkulima atapewa ramani isiyomwambia mizizi ya pamba yake itakwama wapi.