Duncan Laurence alijengwa na ushindi wa Eurovision, au na utunzi wake?

Mtunzi wa Katuba aliuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, salamu kutoka Lubumbashi. Katika kundi letu la waimbaji kumezuka ubishi ambao haujatulia. Wenzangu wanataka fedha kidogo tulizoweka akiba zitumike kwa safari ya kwenda kushiriki shindano la uimbaji la televisheni nje ya nchi, nami naona afadhali tuingie studio na kumaliza nyimbo ambazo tayari tumezitunga. Kila mara mfano wanaonitolea ni ule wa Mholanzi Duncan Laurence, ambaye wanasema hakuwa mtu yeyote hadi mwaka 2019, alipolipatia taifa lake ushindi wa Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kwa wimbo wa «Arcade», na tangu siku hiyo dunia nzima ikamjua. Nimesoma habari zake kidogo na moyo wangu hauridhiki na maelezo hayo. Wanaomfuatilia kwa karibu wanisaidie: ni kitu gani hasa kilichoijenga kazi ya mtu huyu?

Mwalimu wa Kamalondo alijibu:

Mdogo wangu, wenzako wanaianzia habari katikati. Duncan Laurence, ambaye jina lake la ukoo ni de Moor, alizaliwa tarehe 11 Aprili 1994 huko Spijkenisse na kukulia Hellevoetsluis, mji mdogo ulio kusini-magharibi mwa Rotterdam. Shindano la televisheni alikwisha kulijaribu mwaka 2014, katika The Voice of Holland, akiwa chini ya mwimbaji Ilse DeLange, na akafika nusu fainali. Kama shindano peke yake lingetosha kumjenga mtu, basi angejengeka mwaka huo. Badala yake alirudi kwenye masomo ya muziki katika Rockacademie ya Tilburg, akaimba na bendi, akatunga na kuandika, na wimbo wa «Arcade» ulianza kutungwa katika miaka hiyo ya shule, pamoja na wenzake, miongoni mwao Joel Sjöö na Wouter Hardy, kabla ya mtu yeyote kumtaja kuwa mwakilishi wa nchi.

Tena zingatia jambo hili ambalo mashabiki wengi hulipita: mwaka 2018, kabla ya Eurovision, kundi la TVXQ la Korea Kusini lilitoa wimbo wa «Closer» ambao yeye ni mmoja wa watunzi wake. Waliousikiliza kule hawakuwa na haja ya kumjua. Mtunzi husafiri bila pasipoti.

Kuhusu usiku wa fainali ya Eurovision huko Tel Aviv, tarehe 18 Mei 2019, hesabu zenyewe zinafundisha. Alimaliza na pointi 498, na Uholanzi ikapata ushindi wake wa kwanza tangu ule wa kundi la Teach-In mwaka 1975. Hata hivyo, majaji hawakumpa nafasi ya kwanza, maana waliiweka mbele Makedonia ya Kaskazini. Na watazamaji nao hawakumpa nafasi ya kwanza, maana kura zao ziliipandisha Norwei. Yeye alikuwa wa tatu kwa majaji na wa pili kwa watazamaji, na jumla ya hizo mbili ndiyo iliyomvusha. Aliketi kwenye kinanda chini ya taa moja ya duara, bila wachezaji, bila moto. Katika shindano ambalo wengi huingia na vishindo, mimi nilimwona kama mtu aliyekuja kuonyesha wimbo zaidi ya kujionyesha mwenyewe.

Sauti ya Ruashi alijibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, naomba tusiifanye habari hii iwe nyepesi kuliko ilivyo. Kijana huyo alikuwa na shule ya muziki, alikuwa na shirika la utangazaji lililomteua bila mchujo wa hadharani, na alikuwa na Ilse DeLange wa kumpendekeza, mwanamke ambaye mwaka 2014 alikuwa ameifikisha Uholanzi nafasi ya pili katika Eurovision ya Copenhagen pamoja na kundi la The Common Linnets. Kijana wa Katuba au wa Ruashi atampata wapi mtu wa namna hiyo? Sisemi kwamba utunzi hauna maana. Nasema kwamba wimbo mzuri uliofungiwa ndani ya simu, umeme ukiwa umekatika, haumfikii mtu.

Mama wa Studio, Kenya, alijibu:

Naandika kutoka Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, wageni wasije wakafikiri niko Nairobi. Ruashi ana haki kuhusu mlango, lakini maneno yake yanaishia mlangoni, nami nataka tutazame yaliyofuata, kwa sababu huko ndiko jibu la ubishi wenu liliko.

Baada ya ushindi, shindano la mwaka 2020 lililopaswa kufanyika Rotterdam lilifutwa kwa sababu ya COVID-19. Lilipofanyika mwaka 2021, yeye mwenyewe alipimwa akakutwa na virusi, hakuweza kupanda jukwaani usiku wa fainali, ikabidi waonyeshe picha zilizorekodiwa wakati wa mazoezi. Kwa mwimbaji anayetegemea jukwaa peke yake hayo yangekuwa maafa. Kumbe katika miezi hiyohiyo «Arcade» ilikuwa ikipaa kwa njia nyingine kabisa: vijana walikuwa wakiitumia katika video fupi za TikTok, wengi wao bila kujua kwamba iliwahi kushinda chochote, hata mwaka 2021 ikafika nafasi ya 30 katika chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani. Baadaye ikawa wimbo wa kwanza wa Eurovision kusikilizwa zaidi ya mara bilioni 1 kwenye Spotify. Kombe lilikuwa na miaka miwili tayari, na albamu yake ya kwanza, «Small Town Boy», ilikuwa imetoka Novemba 2020. Kilichokuwa kikifanya kazi wakati huo ni wimbo, naye alikuwa na sehemu yake ndani ya wimbo huo kwa sababu aliutunga.

Hapo ndipo ninapowagombeza vijana wanaokuja kurekodi kwetu. Mwimbaji aliyeimba tu hulipwa kwa haki jirani, yaani haki ya waimbaji na wapigaji juu ya rekodi, na mtunzi hulipwa kwa haki ya utunzi. Hizo ni njia mbili tofauti, na anayeshika zote mbili hulala vizuri zaidi. Uholanzi wana Buma/Stemra ya kukusanya fedha za watunzi. Kwetu kuna sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986 na kuna SOCODA, chama cha kukusanya fedha za watunzi, lakini hakuna chombo kinachoweza kumlipa mtunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Wala jambo hili si geni Katanga. Mpiga gitaa wetu Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga «Masanga», na hadi leo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake. Kilichoufikisha wimbo ule huko ni rekodi.

Mtunzi wa Katuba aliandika:

Mama, asante sana, na Mwalimu pia. Swali langu la mwisho: ikiwa mmoja wetu ameleta maneno, mwingine sauti ya wimbo, yaani melodi, na mtayarishaji wa studio akaongeza vyombo hadi wimbo ukabadilika kabisa, nani anahesabiwa kuwa mtunzi?

Mama wa Studio, Kenya, alijibu:

Mwanangu, aliyeleta maneno na aliyeleta sauti ya wimbo wote wawili ni watunzi. Kuhusu mtayarishaji, inategemea alichokifanya: kama alirekodi na kusawazisha sauti tu, mlipeni kazi yake na mambo yaishe, kama alitunga sehemu ya wimbo, kwa mfano mfuatano wa kodi za gitaa au kinanda, au kipande kinachorudiwa ambacho watu wote wataimba, naye anastahili mgawo. Wouter Hardy aliitayarisha «Arcade» na pia ni mmoja wa watunzi wake. Wala utunzi wa Laurence haukuishia hapo, kwa sababu mwaka 2023 alishiriki kuwatungia Mia Nicolai na Dion Cooper wimbo wa «Burning Daylight», ambao Uholanzi iliupeleka kwenye Eurovision ya Liverpool. Wimbo huo haukuvuka nusu fainali, na hakuna aliyesema kwamba kazi ya mtunzi imekwisha.

Mgawo wenyewe mkubaliane siku ileile, kabla hamjatoka studio: andikeni majina, asilimia na tarehe kwenye karatasi moja, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Wimbo ambao haujaleta faranga hata moja hugawanywa kwa amani.

Sauti ya Ruashi aliandika:

Hapo sina ubishi. Katuba, mkimaliza nyimbo hizo nitumieni mmoja. Nina ndugu kwenye redio, nami nitamwomba ausikilize.