Kesi za kufilisika Marekani: faili liko wazi kwa kila mtu, na bado "kaka wa makaratasi" anatula hela!

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, mods mnivumilie na uzi msiuhamishe.

Kuna mchezo umeota mizizi kwa sisi wabeba boksi huku Marekani. Mtu madeni yakimzidi, kadi za mkopo, bili za hospitali, gari limeshachukuliwa na wenye mkopo wao, haendi kwa wakili kwa sababu bei ya wakili inamtisha. Anamtafuta kaka wa makaratasi wa kwenye jumuiya, yule yule anayejaza fomu za uhamiaji na za kodi. Anampa hela, anampa na mfuko wa bili, anakaa kusubiri muujiza. Mdogo wangu wa kike alimpa mmoja wao dola 900, na juu yake akampa dola 338 taslimu za ada ya mahakama ya Chapta 7, ile aina ya kesi ya kufilisika ambayo mtu anaomba madeni yake yafutwe. Jina silitaji, mji siutaji. Akipita humu atajijua.

Kesi ilifunguliwa kweli. Makato ya mshahara yakasimama, kwa sababu ombi likishapokelewa tu sheria ya shirikisho inaweka zuio: wadai hawaruhusiwi kukupigia simu kudai, kukushtaki wala kukukata mshahara. Binti wa watu akafurahi, akamwona jamaa ni kichwa. Haukupita muda, makato yakarudi pale pale. Akiulizwa, jamaa anajibu: "Mahakama za huku zina foleni, dada tulia." Baadaye simu ikawa inaita tu.

Akaenda kuulizia mahakama ya kaunti, kwa kuwa ndiko ilikotoka amri ya kumkata mshahara. Dirishani wakamwambia hakuna kesi ya kufilisika yenye jina lake. Akatoka analia, akiamini kapigwa mwanzo mwisho na hakuna kilichofunguliwa. Sasa shikeni hili, maana wengi wanaliwa kwa kutolijua: kesi ya kufilisika haikai kaunti wala kwenye mahakama ya jimbo. Ni ya shirikisho. Nchi imegawanywa wilaya 94 za mahakama za shirikisho. Mkazi wa Columbus yuko Wilaya ya Kusini ya Ohio, wa Houston yuko Wilaya ya Kusini ya Texas, wa Minneapolis wilaya yake ni jimbo zima la Minnesota. Na unafungua kule ulikoishi sehemu kubwa ya siku 180 zilizopita, kwa hiyo aliyehama jimbo juzi asikurupuke.

Mimi niko jimbo lingine, nikaingia PACER, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho. Kujisajili ni bure, kusoma ni senti 10 kwa ukurasa, mwisho dola 3 kwa waraka mmoja. Ukitafuta kwa jina, hata ukurasa wa majibu wanauhesabu, na kule kikomo cha dola 3 hakipo, kwa hiyo mwenye jina linalofanana na la watu wengi ajipange. Nafuu ni kwamba matumizi yako ndani ya miezi mitatu yasipozidi dola 30 hawakudai kitu. Sasa niambieni, dada wa ghalani anayefanya shifti ya usiku anajulia wapi hayo? Kumbukumbu ni za umma, mlangoni mmeweka mita! Na ofisi ya karani wa mahakama ya kufilisika kuna kompyuta za kusomea faili bure kabisa, unalipa ukitaka kuchapisha tu. Hilo halisemwi na kaka yeyote wa makaratasi, maana likijulikana biashara inakufa.

Basi nikafungua orodha ya matukio ya kesi. Wakuu, nilisimama nikakaa tena.

Mstari wa kwanza, ombi la Chapta 7. Unaofuata, ombi la kulipa ada kwa awamu. KWA AWAMU! Dola 338 za mtoto wa watu alizipokea taslimu mkononi, akaenda kuiambia mahakama kwamba dada hana uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Chini yake taarifa ya upungufu: cheti cha ushauri wa mikopo hakipo, majedwali ya mali na madeni hayapo, leta ndani ya siku 14. Kisha kimya. Kisha amri ya jaji, kesi imefutwa. Barua zote hizo zilitumwa kwa posta, ila kwenye fomu anwani ya posta jamaa aliweka ya kwake. Ndiyo maana dada hakuona hata bahasha moja.

Nikapekua fomu yenyewe, ile sehemu ya mtu aliyelipwa kuandaa. Tupu. Inaonekana kama mdogo wangu kakaa peke yake usiku akajaza. Sheria ya huku inamruhusu asiye wakili kukuchapia fomu kwa malipo, sawa, lakini lazima aandike jina lake na anwani, asaini, na atamke kwa maandishi kwamba yeye si wakili. Haruhusiwi kukushauri ufungue chapta gani wala deni lipi litafutwa. Na ada ya mahakama haruhusiwi kuishika kabisa, hata kwa nia njema. Jamaa kavunja vyote.

Bado hamjasikia lililonitoa jasho. Dada ana kiwanja Kibaha, kilinunuliwa kwa jina lake. Alimuuliza jamaa kama akiandike. Jibu: "Cha Bongo hicho, hawawezi kukijua, acha." Ndugu zangu, fomu inauliza mali yako yote, popote ilipo duniani. Inauliza na zawadi zilizozidi dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili. Inauliza kama ndani ya mwaka mmoja umemlipa ndugu deni lake. Sisi ambao kila mwezi tunatuma kwa mama, kwa shangazi, kwa ada za wapwa, maswali hayo yanatugusa kuliko Mmarekani mwenyewe. Na unajibu chini ya kiapo, karatasi yenyewe imechapishwa faini hadi dola 250,000 au kifungo hadi miaka 20. Anayeenda kuhojiwa ni wewe, kaka wa makaratasi yuko nyumbani anakula ugali. Namshukuru Mungu yale majedwali hayakuwahi kufika mahakamani. Uzembe wake umemwokoa dada na uongo wake.

Halafu kuna watetezi wanasema "lakini mawakili ni ghali, jamaa anasaidia jamii". Anasaidia nini? Kile cheti kilichoangusha kesi ni darasa fupi la simu au mtandaoni, kwa wakala aliyeidhinishwa, ndani ya siku 180 kabla ya kufungua, na asiye na uwezo anaweza kusamehewa malipo. Fomu zote ziko bure kwenye tovuti ya mahakama za shirikisho. Ada inaweza kulipwa kwa awamu kihalali, na kwa Chapta 7 mwenye kipato chini ya asilimia 150 ya mstari wa umaskini anaweza kuomba asilipe kabisa. Kile kikao na trastii, yaani mtu anayeteuliwa kuisimamia kesi yako na kukuhoji, ambacho watu wanakiogopa kwa sababu ya Kiingereza, mkalimani wa simu hutolewa bila malipo, na Kiswahili huku si lugha ya ajabu tena. Kinachosumbua kweli ni kanuni za kila mahakama: orodha ya wadai ipangwe vipi, hundi gani inapokelewa, asiye na wakili awasilishe kwa posta au dirishani. Zinatofautiana wilaya kwa wilaya, ziko kwenye tovuti ya mahakama husika, na zimeandikwa kama vile msomaji ni wakili mwenzao. Hapo nawalaumu wao bila kumung'unya. Karani ukimuuliza atakuambia fomu gani imekosekana, ushauri wa kisheria hatoi.

Hasara yenyewe sasa. Kesi ya kwanza ikifutwa na ukafungua nyingine ndani ya mwaka mmoja, zuio linadumu siku 30 tu, labda uombe jaji aliongeze na umshawishi kwamba unafungua kwa nia njema. Kwa maneno mengine, yule bwana hakula hela tu, kala na kinga ya dada. Mshahara unakatwa hivi ninavyoandika.

Malalamiko tunayapeleka kwa msimamizi wa Serikali wa kesi za kufilisika, ule mpango ulio chini ya Wizara ya Sheria, na karatasi zote ninazo. Jaji ana uwezo wa kuamuru mtu wa aina hii arudishe alichopokea na apigwe faini. Kwa wengine waliopita mkononi mwa kaka kama huyu: namba ya kesi inaanza na tarakimu mbili za mwaka, kistari, kisha tarakimu tano. Kama hukupewa namba hiyo, anza kuwa na wasiwasi leo. Kama unayo, nenda kasome faili lako mwenyewe, na kitu cha kwanza tazama anwani ya posta.

Aliyewahi kuomba kuongezewa zuio baada ya kesi ya kwanza kufutwa, tena bila wakili, aje atuambie jaji alimuuliza nini. Wa "pole sana mkuu" nawashukuru mapema, ila nahitaji majibu.