Naomba ushauri: kupima sekondari ndogo ya chata California kwa takwimu za wazi

Wadau, naombeni msaada. Shule ni ya umma ila inajiendesha kwa mkataba, inapokea vijana walioshindikana kwingine, na ina wanafunzi wapatao 90. Tatizo la kwanza ni udogo wake. Dashibodi ya jimbo (tovuti inayoonyesha matokeo ya kila shule) huficha takwimu za kundi lenye wanafunzi chini ya 11, na haitoi rangi, yaani daraja la ubora, kwa kundi lisilofika 30. Mwaka wa mwisho ukiwa na watu 25, wawili tu wakiacha shule, kiwango cha kuhitimu kinashuka kwa asilimia 8! Nafikiria kujumlisha wahitimu wa miaka 3 na kugawanya kwa jumla ya wanafunzi wa miaka hiyo, badala ya kuchukua wastani wa asilimia. Ni sahihi?

La pili ndilo zito. Kiwango cha kuhitimu cha miaka 4 (wanaomaliza ndani ya miaka 4 tangu darasa la 9) naona kinaionea shule: kijana anahamia darasa la 12 akiwa amepungukiwa krediti (alama za masomo zinazohitajika kuhitimu), na shule ya mwisho ndiyo inayobebeshwa mzigo. Je, nitumie cha miaka 5? Nilinganishe na shule za DASS pekee, yaani zile ambazo jimbo linazitambua kuwa shule mbadala za vijana walio hatarini kuacha shule?

Utoro sugu, yaani kukosa asilimia 10 ya siku au zaidi, nitauchukua DataQuest, tovuti ya takwimu ya idara ya elimu ya jimbo, kwani kipimo hicho kwenye Dashibodi huishia darasa la 8.