Operesheni ya kupunguza uzito kwa mgonjwa wa sukari: slivu, baipasi au puto?

Msukuma wa Buzuruga: Wakuu habari za jioni. Familia tunachanga hela mgonjwa wetu akafanyiwe operesheni ya kupunguza uzito Dar, ana sukari. Tumeambiwa kuna slivu, kuna baipasi, alafu kuna puto wanaloweka tumboni bila kupasua. Ipi inashusha sukari kweli? Hela ni ya kuungaunga hatuwezi kurudia.

Nesi wa Usiku: Mkuu umeleta uzi nusu. Kilo ngapi, urefu gani, sukari ana miaka mingapi, vidonge au anachoma insulini? Bila hayo tunapiga ramli.

mvuvi_mstaafu: Ramli huku zipo na bei nafuu kuliko Dar 😂

Kirumba Mwaloni: Puto achana nalo, linakaa kama miezi 6 linatolewa na kilo zinarudi zikiwa na hasira. Baipasi ndo mpango mzima. Halafu mtu akikonda sukari si inaondoka yenyewe?

Nesi wa Usiku: Sio kukonda tu. Mtu wa baipasi sukari inaanza kushuka ndani ya siku chache, mzani haujasogea. Kweli siku hizo anakunywa supu tu na hilo linachangia, ila kuna suala la homoni. Wanamwachia kifuko kidogo kama yai, wanakiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kinaruka tumbo karibu lote na mwanzo wa utumbo, kinafika chini mapema, na huko chini ndo kwenye homoni za GLP-1 na PYY, zinamwagika kuliko zamani. GLP-1 inaihimiza kongosho itoe insulini, PYY inakata hamu ya kula. Slivu wao wanakata robo tatu ya tumbo au zaidi wanatupa, inaondoka na ile sehemu inayotoa ghrelini, homoni ya njaa, na GLP-1 nayo inapanda.

mama_wawili Nyegezi: Naomba niongee kwa uchungu. Dada yangu alifanya slivu, hospitali siitaji. Operesheni safi kabisa, baada ya wiki karudi Mwanza akafikia kwangu. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa aendelee na dawa zake kama kawaida. Dada na utii wake akachoma insulini uniti 30 kama zamani, wakati siku nzima kanywa supu ya sato vikombe viwili, tena kwa kijiko. Saa nane usiku nasikia kitu kinagonga ukuta, naingia nakuta kalowa jasho mpaka godoro, anaongea Kisukuma na marehemu bibi, mkono wake ndo unagonga. Kupima sukari, 2.1, imeshuka mno. Nikawa nampaka asali kwenye fizi huku nalia mtoto kakimbilia bajaji. Alipona, na sahivi hachomi insulini kabisa, ila ile karatasi ninayo mpaka leo. Kwahiyo usiulize ipi tu, uliza nani atampunguzia dawa akirudi huku.

mvuvi_mstaafu: Pole sana dada. Ila wazee wetu walikula michembe na maziwa, sukari hawakuijua.

Kirumba Mwaloni: Nani aliwapima?

mvuvi_mstaafu: Walitembea Magu mpaka mjini kwa mguu wewe, unapima nini hapo.

dogo_igoma: Si achome Ozempic tu yaishe, nasikia ni hiyo hiyo GLP-1.

Nesi wa Usiku: Inaiga GLP-1 ndiyo, na inasaidia. Ukiacha kuchoma, kilo nyingi zinarudi. Piga hesabu ya miaka.

Msukuma wa Buzuruga: Samahani umeme ulikata. Mgonjwa ni mama, miaka 54, kilo 118, urefu sentimita 165, sukari miaka 12, insulini mwaka wa tatu. Na ana kiungulia, analala kaegemea mito.

Nesi wa Usiku: Kiungulia ndo unakisema saa hizi?? Slivu inaweza kukizidisha sana, baipasi mara nyingi inakituliza. Ila msimwahidi mama kupona. Kuna utafiti wa Cleveland, Marekani, matokeo ya miaka 5 yalitoka 2017: waliofikisha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ya 6% au chini, baipasi 29%, slivu 23%, dawa tupu 5%. Na aliyekaa na sukari muda mrefu mpaka kafika kwenye insulini, kongosho imechoka, waombeni wampime C-peptide kwanza, inaonyesha kongosho bado inatoa insulini kiasi gani. Halafu vitamini ni maisha yote, B12, chuma, kalisi.

Msukuma wa Buzuruga: Mama anasema kama hatakula ugali haendi popote.

mama_wawili Nyegezi: Atakula, tonge mbili kashiba. Dada anamwachia kuku wangu.

Kirumba Mwaloni: Ugali wa sembe au wa udaga?

Msukuma wa Buzuruga: Udaga.

mvuvi_mstaafu: Hapo mama ana hoja.

Msukuma wa Buzuruga: Jamani, hizo vitamini Mwanza zinapatikana duka gani?

dogo_igoma: Nami nasubiri jibu.