Sare za ngoma zinabana kwapani, naomba ushauri kabla sijaharibu ya pili

Mtunza Sanduku

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ndiye mtunza mavazi wa kikundi chetu cha akina mama hapa Chamwino. Tupo 14, tunapiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Tumealikwa kucheza kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, na zimebaki wiki tatu. Tulichangishana tukashonesha sare kwa fundi mmoja mjini: blauzi ya kaniki, kile kitambaa cheusi, yenye taraza (utepe wa pindoni) nyekundu na nyeupe, na sketi ya kaniki yenye lastiki kiunoni. Fundi alipima watu wawili tu. Waliobaki akasema ameshawaona kwa macho. Macho gani yale jamani!

Watano blauzi zinawakata kwapani, mikono haipandi. Wawili wanaelea, shingo inawaangukia begani. Nilimrudia fundi akataka Sh 8,000 kwa kila nguo. Mfuko wa kikundi una Sh 21,000 na hiyo ni nauli.

Nyumbani nina cherehani ya miguu, mapazia na viraka najishonea. Jumamosi nikachukua blauzi moja, nikaona tundu la mkono ni dogo, nikalichonga kwa mkasi lishuke chini kidogo. Sasa nikiivaa mimi nikanyanyua mikono, blauzi nzima inapanda mpaka kitovu kinachungulia. Mwenye blauzi bado hajui.

Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Area C

Ngoja waje mafundi. Ila mwenye blauzi mpelekee hata kilo ya sukari kwanza, ndiyo umwambie.

Sindano Namba 16

Mama, weka mkasi chini. Hilo kosa tumelifanya wengi. Tundu la mkono likishuka, mkono ukipanda unabeba ubavu wote wa nguo. Hukuhitaji tundu kubwa, ulihitaji kitambaa zaidi pale kwapani.

Fanya hivi kwa zile nne ambazo hujazigusa. Chini ya kwapa mishono inakutana kama msalaba. Fumua sentimita 7 kushuka ubavuni, na sentimita 7 kwenda kwenye mkono. Kata kipande cha kaniki cha mraba, sentimita 9 kila upande, ili sentimita moja iingie kwenye mshono pande zote. Kikalishe kama almasi: pembe moja ielekee kiwiko, ya pili kiunoni, mbili zilizobaki ziguse mshono wa tundu la mkono mbele na nyuma. Piga bandi kwa mkono kwanza, yaani mshono wa muda wa kushikiza, mvalishe mwenye blauzi, anyanyue mikono juu kabisa. Ikikubali ndipo upeleke kwenye cherehani. Kwenye pembe simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nyanyua kile kimguu kinachokandamiza kitambaa, geuza nguo, endelea. Ukipita pembe kwa haraka itajikunja na hapo hapo ndipo itachanika.

Ile uliyochonga inaokoleka. Kipande chake kiwe sentimita 12, na ufumue 10 kila upande.

Kaniki ya vipande iloweke peke yake mpaka maji yaache kuwa meusi, ianike, ndiyo ukate. Kaniki mpya inarudi ikifuliwa, na inachuja. Taraza yako nyeupe itageuka kijivu.

Mtunza Sanduku

Asante sana mkuu. Na zile mbili kubwa nikate pembeni?

Sindano Namba 16

Usikate. Ingiza mshono ndani ubavuni, kitambaa kinachobaki kilaze kwa ndani ukishikize kwa mkono. Sare ni ya kikundi, kesho anaivaa mwingine mwenye mwili. Kama kuna shanga karibu na mshono zitoe kwanza, sindano ya cherehani ikigonga ushanga inakatika na kipande kinaweza kukurukia jichoni.

Mjukuu wa Mvumi

Mnahangaika na kwapa, mimi naogopa sketi. Dada, hao akina mama uliwajaribisha wamesimama wima kama wanapiga picha ya kitambulisho, si ndiyo? Muheme ngoma inabanwa katikati ya mapaja. Mpe mmoja ngoma aibane halafu uiangalie hiyo sketi.

Bibi yangu alipiga muheme na hakuwahi kujua saizi ni kitu gani. Kaniki alijifunga, akitaka nafasi analegeza. Haya ya kushonea watu sketi za ofisini wakacheze nazo ni yetu sisi.

Mtunza Sanduku

Nimetoka kujaribu kwa jirani. Sketi imepanda juu ya magoti na mshono wa nyuma umelia trrr. Nimekaa chini.

Binti Kondoa

Chana mpasuo pembeni, dakika mbili kazi imeisha.

Mjukuu wa Mvumi

Mpasuo? Wakwe zao wakiwa mstari wa mbele?

Sindano Namba 16

Mpasuo hapana. Fumua ubavu mmoja kuanzia juu mpaka chini, ongeza kwenye ukingo mmoja kipande cha upana wa theluthi moja ya sketi, kisha mwisho wake ulale juu ya ukingo wa pili na ufungwe kwa kamba kiunoni. Akibana ngoma inafunguka, akisimama inajifunga. Upana upime akiwa amebana ngoma. Na ndani wavae taiti nyeusi, upepo wa Dodoma mwezi wa 8 mnaujua.

Binti Kondoa

Sawa, hapo nimekubali.

Mtunza Sanduku

Mrejesho wakuu. Blauzi nne zimekaa kwapani, ya kwanza niliishona mara tatu. Sketi nimemaliza mbili. Kaniki ya kuongezea nimepata soko la Majengo, imekuwa nyeusi kuliko ile ya zamani, lakini ikipigwa vumbi la mazoezi tofauti haionekani. Jana jioni mkubwa wetu alivaa sketi moja, akabana ngoma, akapiga mpaka akasahau kuwa tunajaribu nguo. Alipomaliza akaniuliza ile blauzi iliyofichwa chini ya mto ni ya nani. Ndiyo yake hiyo.

Kijana wa Area C, sukari nimenunua kilo mbili.